Kustaafu kazi ya shule: anza na makaratasi, miaka mitano kabla

Mwalimu mwenzangu kutoka Bahi alinijia nyumbani mwaka jana, jua la saa tisa, amebeba mfuko wa salfeti umejaa makaratasi. Alikuwa amebakiza miezi minne afikishe miaka 60. Tukatandika mkeka chini ya mwarobaini tukaumwaga mfuko mzima. Hati za mshahara za miaka ya karibuni zilikuwepo, barua za uhamisho zilikuwepo, hata kadi ya mahafali ya mwanawe ilikuwemo. Barua ya ajira ilikuwa ya mwisho kutoka. Mchwa walikuwa wameila pembe ya juu, upande wa kulia, pale inapoandikwa tarehe.

Aliajiriwa mwaka 1990. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali kuu hatukuwa tunachangia pensheni. Mfuko wa PSPF, uliokuja kwa sheria ya mwaka 1999, ndio ulioanzisha makato. Maana yake ni kwamba utumishi wake wa miaka ile ya mwanzo hauna rekodi yoyote ya michango ya kuuthibitisha. Shahidi wake ni barua, na barua yenyewe imeliwa.

Tuliipata nakala, kwa taabu, na nitaeleza tuliipataje. Ninachowaomba wenzangu wa shule za serikali, walimu na wasio walimu, ni hiki: msisubiri barua ya kustaafu ndipo muanze kupekua masanduku. Ukitimiza miaka 55, anza.

Kwanza, fahamu mfuko wako na haki yako

Tangu Agosti 2018 watumishi wa umma tuko chini ya PSSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ambao makao makuu yake yapo hapa Dodoma. Umeunganisha mifuko minne: PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kumbuka ulikuwa mfuko gani kati ya hiyo, maana jibu hilo litarudi tukifika kwenye mkupuo, yaani fedha unayolipwa kwa mara moja unapostaafu.

Mchango ni asilimia 20 ya mshahara wa msingi: wewe asilimia 5, mwajiri 15. Posho hazimo. Mkuu wa shule anayepokea posho ya madaraka asiipigie hesabu kwenye pensheni, kwa sababu haikatwi mchango.

Kustaafu kwa hiari ni kuanzia miaka 55, kwa lazima ni miaka 60. Ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji kuwa umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Asiyefikisha hulipwa mkupuo maalumu na mambo yanaishia hapo. Hili liwaguse walioingia serikalini wakiwa watu wazima. Mwenye miaka 42 leo akianza kazi atafikisha miaka 18 ya kuchangia akistaafu kwa lazima, lakini akiondoka kwa hiari akiwa na 55 atakuwa na miaka 13 tu, na pensheni ya kila mwezi hataiona.

Kama uliwahi kufundisha shule binafsi na ukachangia NSSF, usiitupe ile kadi. Sheria inaruhusu vipindi vya mifuko miwili kujumuishwa. Waambie PSSSF mapema kwamba una miezi upande wa pili. Na wale wapishi, walinzi na wahudumu wanaolipwa na shule yenyewe kwa mkataba, waulize leo kama wanachangiwa popote, na waonyeshwe kwa maandishi.

Makaratasi

Hapa ndipo mafao yanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unahitaji barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo zote kwa mfuatano wake, barua za uhamisho, hati za mshahara, kitambulisho cha NIDA, na baadaye barua ya kustaafu yenyewe. Barua ya kuthibitishwa ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Watu wengi wa rika langu hawakuwahi kuipewa mkononi. Ilibaki kwenye jalada, na jalada limehama halmashauri tatu.

Sasa, tulivyoipata ile ya mwenzangu. Mwalimu ana majalada zaidi ya moja: lipo la kwa mwajiri, kwa mkurugenzi wa halmashauri, na lipo la Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, ambayo ina ofisi kila wilaya. Watu wanaenda masijala ya halmashauri, wanaambiwa jalada halionekani, wanarudi nyumbani wamekata tamaa. Nenda TSC wilaya. Tulikwenda mara mbili. Mara ya pili yule dada wa masijala alipanda juu ya kiti akashusha rundo la majalada yaliyofungwa kwa kamba ya katani, na jalada la mzee lilikuwa la tatu kutoka chini, limefifia lakini linasomeka. Akatupatia nakala iliyogongwa muhuri. Wengine barua zao zimebaki kwenye wilaya ya kwanza walikoajiriwa. Mtu aliyeanzia Mpwapwa akastaafia Kondoa inabidi arudi Mpwapwa.

Ukiwa na karatasi zote, piga nakala mbili. Moja ikae mbali na nyumbani kwako, kwa mtoto au ndugu. Nyingine ipige picha kwa simu ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Za asili zitie kwenye folda ya plastiki, ndani ya sanduku la bati. Mchwa wa Dodoma tunawajua.

Kisha linganisha majina na tarehe ya kuzaliwa. Barua ya ajira inasema Yohana, NIDA inasema John, cheti kina jina la babu na hati ya mshahara haina. Hayo yanasawazishwa kwa kiapo, na ni kazi ya wiki chache kama una muda, ila ni mateso kama mshahara umeshakatika. Tarehe ya kuzaliwa ni tofauti: serikali inashika ile uliyoitoa ulipoajiriwa mara ya kwanza. Usitegemee NIDA kukuongezea mwaka, na usishangae ukipewa notisi mapema kuliko ulivyodhani. Iangalie hiyo tarehe sasa.

Hesabu miezi yako, mmoja mmoja

Omba taarifa ya michango PSSSF. Unaweza kuipata kwa simu kwenye programu yao ya PSSSF Kiganjani, au ufike ofisini. Usiridhike na jumla iliyo chini. Kaa na kalamu, pitia mwaka hadi mwaka, tia alama kila mwezi uliopo.

Mimi nilipofanya hivyo, miezi 18 haikuwepo. Ni kipindi nilichohama halmashauri moja kwenda nyingine. Kwenye hati zangu za mshahara makato yalionekana kila mwezi, ila kule nilikohamia walinisajili upya kwenye mfuko mwingine bila kuangalia kwamba nina namba tayari. Mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, namba mbili zikabaki watu wawili: mimi mwenye miaka mingi, na mimi mwingine mwenye miezi 18. Iliwezekana kuunganisha kwa sababu nilikuwa nimezitunza zile hati za mshahara. Bila hizo sijui ningesimamia wapi.

Miezi 18 ni kitu gani? Twende kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, utaona.

Kikokotoo, bila woga

Tangu tarehe 1 Julai 2022 kanuni ni moja kwa wote. Unachukua miezi uliyochangia, unaigawa kwa 580, unazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka. Wastani huo ni wa miaka mitatu iliyo bora kati ya miaka yako kumi ya mwisho. Jibu lake ni pensheni yako kamili ya mwaka. Sehemu yake inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Iliyobaki inagawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi.

Sehemu hiyo ya mkupuo ndiyo iliyotupigisha kelele miaka yote. Mwaka 2018 ilitangazwa asilimia 25, walimu tukalia, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha. Mwaka 2022 ikawa 33. Juni 2024, kwenye bajeti ya mwaka 2024/25, serikali ikatangaza kupandisha: wa mifuko iliyokuwa ikilipa mkupuo wa asilimia 50 kabla ya kuunganishwa, yaani PSPF na LAPF, wapate 40, wa mifuko iliyokuwa ikilipa 25 wapate 35. Ndiyo maana nilikuambia ukumbuke mfuko wako wa zamani.

Tuchukue mwalimu wa PSPF mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na tuseme ameupokea kwa miaka yote mitatu. Kwa mwaka ni 14,400,000. Amechangia miezi 360, yaani miaka 30. 360 kwa 580, mara 14,400,000: pensheni kamili ya mwaka ni kama 8,938,000.

Mkupuo: 8,938,000 mara 12.5, mara asilimia 40. Anapata kama shilingi milioni 44.7.

Pensheni ya mwezi: asilimia 60 iliyobaki, gawa kwa 12. Kama shilingi 447,000.

Iandike hiyo 447,000 mahali unapoiona kila siku. Mtu anaota milioni 44 usiku kucha, lakini ndoto ya kuota ni 447,000, kwa sababu ndiyo utakayoishi nayo. Na usisikilize maneno ya kwenye kijiwe kwamba ile 12.5 ni miaka ya kuishi, ukiipita pensheni inakatika. Si kweli. Ni namba ya kukokotolea mkupuo. Pensheni unalipwa mpaka mwisho wa maisha yako, hata ukiishi miaka mia.

Sasa rudi kwenye miezi yangu 18. Kwa mshahara huohuo wa mfano, kila mwezi mmoja unaopotea ni kama shilingi 124,000 kwenye mkupuo na 1,240 kwenye pensheni ya kila mwezi. Miezi 18 ni zaidi ya milioni 2.2 ya mkupuo, na zaidi ya 22,000 kila mwezi, maisha yako yote. Ndiyo sababu nasema kaa na kalamu.

Daraja likichelewa

Hili ni jeraha la walimu wengi. Kwa kuwa wastani ni wa miaka mitatu bora, daraja unalopanda ukiwa na miaka 59 linaingia kwenye wastani kwa mwaka mmoja tu. Daraja lilelile ukilipanda ukiwa na 57 linaingia kwa miaka yote mitatu.

Chukua nyongeza ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Ikikaa miaka mitatu, mwalimu wetu wa miezi 360 anaongezewa kama milioni 7.4 kwenye mkupuo na 74,000 kila mwezi. Ikikaa mwaka mmoja, ni milioni 2.5 na 25,000 tu. Mtu yuleyule, kazi ileile.

Kwa hiyo ukifika miaka 55, hesabu umekaa kwenye daraja lako miaka mingapi, uwaulize TSC wilaya na afisa utumishi wako kwa barua, ukibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Waliopanda kwa mserereko, yaani waliopandishwa kufidia madaraja yaliyocheleweshwa, wanajua kuwa wengi wao walisukuma kwa maandishi. Kunung'unika kwenye ofisi ya walimu hakujawahi kumpandisha mtu daraja. Na jaza tathmini zako za utendaji kwenye mfumo kwa wakati, usimwachie kijana wa kompyuta hadi siku ya mwisho.

Madeni

Makato yote kwa pamoja hayapaswi kukuachia chini ya theluthi moja ya mshahara. Wengi wetu tumeishi miaka kwenye hiyo theluthi. Ukishatimiza miaka 55, usikubali mkopo ambao marejesho yake yanavuka siku yako ya kustaafu. Nimewaona wanaokopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani, wakiahidi mkupuo ambao haujafika. Kadi ya benki inashikiliwa na mkopeshaji, na mkupuo ukiingia wa kwanza kuuona ni yeye. Kadi yako na namba yako ya siri asivishike mtu.

Weka pembeni matumizi ya angalau miezi mitatu. Mshahara wa mwisho ukishatoka, pensheni haiingii kesho yake, na tumbo haliwezi kusubiri faili.

Barua, fomu na safari ya kurudi kwenu

Miezi sita kabla ya siku yako, andika barua ya kusudio la kustaafu kupitia kwa mkuu wa shule kwenda kwa mwajiri. Kwa mwalimu, kibali kinapita TSC. Watumishi wasio walimu wanamalizana na mwajiri wao. Ukishapata barua ya kustaafu, unajaza fomu ya madai ya mafao na kuambatisha yale makaratasi uliyoyapanga tangu miaka mitano nyuma. Akaunti ya benki iwe hai na jina lake lifanane na la kwenye barua.

Usisahau kudai gharama za kukurudisha kwenu, nauli yako na ya familia pamoja na mizigo. Hizo hulipwa na mwajiri wala siyo PSSSF. Dai kwa barua na utaje makwenu palepale ulipopaandika wakati wa ajira.

Huduma hizi hazina malipo. Utapigiwa simu na mtu anayejua jina lako, shule yako, mpaka cheki namba yako, ile namba yako ya mshahara, akisema faili limekwama na linahitaji "kusukumwa" kwa laki mbili. Huyo ni tapeli. Kata simu, nenda ofisini mwenyewe.

Mkupuo umeingia

Usifanye chochote kwa miezi mitatu. Ninamaanisha hivyo. Lipa deni kama lipo, kisha uache utulie benki. Watoto watakuja na mawazo, shemeji atakuja na pikipiki tatu za bodaboda, na mtu wa viwanja atakupeleka Nala au Ihumwa kukuonyesha vigingi. Kiwanja ni kizuri, ila hakikisha jiji au halmashauri inakitambua kabla ya kutoa senti. Kama hukuwa na nyumba mpaka leo, nyumba ndogo inayokamilika ni bora kuliko kubwa inayoishia kwenye lenta.

Zabibu nazo zinawaponza wastaafu wetu wa Dodoma. Ni zao la heshima, Hombolo na Mpunguzi watu wanasomesha watoto kwa zabibu, na zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini mzabibu unakula pesa kwa zaidi ya mwaka kabla haujakupa kitu: nguzo, waya, maji, dawa. Ukivuna, soko linaweza kukusubirisha matunda yakiharibika shambani. Kama hujawahi kulima, anza na nusu eka ukiwa bado kazini, ujifunze kwa mshahara badala ya kujifunzia kwenye mkupuo. Alizeti ya Kongwa na Mpwapwa ni nafuu kuanza, ila inategemea mvua, na mvua zetu ni za kubahatisha.

Sehemu ya mkupuo iweke mahali inapozaa bila kukutoa jasho. Hatifungani za serikali zinauzwa na Benki Kuu kwa mnada, unaanza na shilingi milioni moja, kupitia benki yako au dalali wa soko la mitaji, na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Hatifungani ambao, kuanzia shilingi milioni 10, unaweza kuchagua kupokea gawio kila mwezi. Mimi nilichagua huo wa kila mwezi, kwa sababu nimezoea mwisho wa mwezi.

Baada ya hapo

Uliza NHIF, mfuko wa bima ya afya, kuhusu kadi ya mstaafu kabla hujaondoka kazini. Mstaafu na mwenza wake wanaendelea kutibiwa. Watoto wanatoka, kwa hiyo aliye na mdogo wa sekondari amtafutie bima mapema. Uhakiki wa wastaafu usiupuuze, maana usipojihakiki pensheni inasimamishwa, na unaweza kuufanya kwa simu kwenye ile ile programu ya Kiganjani. Ukibadili namba ya simu au benki, wape PSSSF taarifa haraka.

Mwisho, mwambie mwenza wako na mtoto mmoja unayemwamini makaratasi yalipo. Yakitokea ya kutokea, familia itahitaji cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa nyingi za kimila za huku kwetu hazina cheti. Nendeni mkaisajili mkiwa wote wawili wazima. Yule mwenzangu wa Bahi alipopokea pensheni yake ya kwanza, alipiga simu kunishukuru, na jambo la pili alilosema ni kwamba amenunua sanduku la bati, mkewe ndiye anayeshika ufunguo.